Tawi Nyuma ya Baiskeli

Ilianza siku ya Jumatano, saa kumi na moja na robo jioni. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetumwa kituoni, pale barabara kuu Iyunga, kumpokelea mama mzigo kutoka Iringa, na konda wa basi alikuwa anafoka kwamba wamechelewa na bado Tunduma inawasubiri. Nilidhani mzigo ni gunia la mahindi, kama kawaida ya mjomba. Konda akafungua buti, akavuta baiskeli nyeusi kuukuu, usukani umezungushiwa magunia, akanikabidhi kama anayemkabidhi mtu mbuzi mkaidi.

"Haya mrembo, usafiri wako huo."

Watu wote kituoni wakageuka. Au labda hawakugeuka, ni mimi tu. Mimi ni mtu ambaye darasani nikijua jibu ndipo nazidi kuinama, nikimwomba Mungu mwalimu asinione. Niko kidato cha tatu na kuna walimu ambao hawajawahi kusikia sauti yangu. Sasa nilitakiwa nikokote baiskeli mbele ya magenge yote, pedali ikinigonga muundi kila hatua, na kila mtu akitaka kujua kwa nini siipandi. Siipandi kwa sababu sijui, na sikutaka kumwambia mtu.

Nyumbani mama alikuwa amelala. Siku hizo alikuwa analala sana. Tangu matanga ya baba yaanuliwe alikuwa anaamka, anakaa kwenye cherehani yake, anashika sketi ya shule ya mtoto wa watu, anaiangalia, halafu anairudisha kwenye kapu na kwenda kulala. Alikuwa anajilaza na viatu, uso ukutani, na gauni lake jeusi. Si usingizi. Ukimwita anaitika. Nilikuwa napika, naosha vyombo, namwekea chakula, natoa chakula. Nilichokuwa naogopa ni kimoja tu: kwamba siku moja mama ataacha kuamka kabisa, na sababu isiwe ugonjwa, iwe kutotaka tu. Usiku nilikuwa nasikiliza anavyopumua. Sikumwambia mtu hilo pia.

Nilipoegemeza baiskeli ukutani, kengele yake ililia yenyewe. Mama akatoka. Kumbe alikuwa amempigia mjomba simu mwenyewe na kumwambia aitoe stoo. Akafungua yale magunia taratibu, akafuta kiti kwa kiganja.

"Hii," akasema, "nilikuwa nashuka nayo mteremko wa Ipogolo mpaka machozi yananitoka kwa upepo."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Hatukuwa tunaenda popote. Tulikuwa wasichana watatu. Jumapili baada ya ibada tunashuka, halafu tunakokota kupanda, tunashuka tena."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akisema maneno mengi hivyo tangu masika.

Kesho yake akaipeleka kwa fundi baiskeli, ikabadilishwa tairi na mnyororo. Breki fundi alisema mpira wake haupatikani kwa baiskeli ya zamani namna ile, atajaribu kuuliza. Mama hakusubiri. Jumamosi hiyohiyo akajifunga khanga juu ya gauni jeusi, akapanda, akaenda kama hatua kumi na tano, akaingia mtaroni.

Zaidi ya miaka ishirini alikuwa hajapanda baiskeli. Miguu ilikuwa inajua kazi yake, lakini kiuno kilikuwa cha mtu mwingine, mama mtu mzima mwenye kilo zake. Vijana wa bodaboda pale kona walishangilia kama mpira umeingia wavuni.

"Mama, umesahau kuweka gia!"

"Mwacheni, anapaki!"

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama akakaa palepale mtaroni, akajipangusa tope kwenye goti, akaanza kucheka. Cheko la pumzi fupi, kama mtu anayekohoa. Nikajikuta nalia, nikageuka nisionekane.

Basi akawa mwendesha baiskeli. Jioni akimaliza kushona, maana alirudi kushona, anazunguka mitaa ya chini kule kwenye reli. Jumamosi anaenda mbali zaidi. Hapa kwetu baiskeli ni ya kubebea. Utaiona na mkaa, na viazi, na mikungu ya ndizi inayofika chini, na mwenyewe anaisukuma ameinama. Mwanamke juu ya baiskeli tupu, hana hata kikapu, hiyo watu hawakuielewa. Mama wa genge la nyanya alimsimamisha siku moja, mimi nimesimama kando na mfuko wa dagaa.

"Mama, safari ya wapi?"

"Naendesha tu."

"Unaendesha kwenda wapi?"

"Nikichoka narudi."

"Haa! Kwa hiyo unachoka kwa hiari yako?"

Mama akacheka, akasema ndiyo, kwa hiari yangu. Yule mama akanigeukia mimi kwa macho ya pole, kama vile nina mgonjwa nyumbani.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Mbalizi Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa amesikia. Alikunywa chai yote kwanza, akala na viazi, ndipo akaanza.

"Wifi, mwenye nyumba hii yuko kaburini. Nyasi hazijaota vizuri. Na wewe unacheza baiskeli?"

"Sichezi, wifi."

"Unafanya nini?"

Mama akafikiri. Nilimwona anatafuta jibu kweli.

"Nikiwa juu yake sina nafasi ya kufikiri. Nikifikiri naanguka."

"Na nguo nyeusi unayo mwilini! Watu wanasema unatafuta mume kwa baiskeli. Wanasema wengine wanatafuta kwa miguu, huyu ana haraka."

Hata shangazi mwenyewe alibanwa na kicheko kwenye hilo, akakimeza. Alipoondoka alinishika mkono getini, akaniambia nimwangalie mama yangu, huzuni ikikosa pa kutokea hutokea kichwani. Nilisema ndiyo shangazi. Ningependa kumwambia kwamba mimi ndiye ninayemwangalia, kila siku, na kwamba baiskeli ndiyo inayomwamsha. Lakini nilisema ndiyo shangazi.

Ile Jumamosi nyingine mama akasema twende wote.

"Utakaa kwenye keria. Nataka nikuonyeshe kitu."

Sikutaka. Kukaa kwenye keria ni kuonekana na dunia nzima. Lakini alikuwa ameshaniwekea khanga ya kukalia, na uso wake ulikuwa umechangamka, basi nikakaa. Tukapita barabara ya vumbi inayopanda milimani. Palipokuwa pakali tulishuka tukakokota, yeye usukani, mimi nyuma nasukuma. Ukungu ulikuwa umeganda juu ya mashamba ya viazi, baridi ile ya kiangazi inayoingia kwenye masikio. Kila aliyetuona alituuliza tunakwenda kwa nani. Mama akawa anajibu, "Tunapanda tu, tutashuka." Walikuwa wanatusindikiza kwa macho mpaka kona.

Juu kabisa tukakaa. Chini mji wote, mabati, moshi, malori kwenye barabara kuu madogo kama punje. Mama alipumua kwa nguvu, jasho linamtoka, akaniambia, "Kitu chenyewe ni hiki. Kushuka."

"Breki je?"

"Subiri."

Akakata tawi la mkaratusi, kubwa, lenye majani mengi, akalifunga nyuma ya keria kwa utepe wa mpira wa tairi, majani yakilala chini. Ndivyo walivyokuwa wakifanya Iringa, alisema. Wabeba mkaa wa kule walikuwa wakishuka mlima na magunia mawili nyuma, breki hawana, wanaburuza tawi. Linang'ang'ania vumbi, baiskeli inatulia. Wao wasichana waliiga.

"Tawi likiwa zito hukimbii. Kaa vizuri. Nishike kiunoni."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Tulishuka polepole, tawi linaimba nyuma yetu, harufu ya mkaratusi imetujaa. Mama aliimba pambio la kanisani, kwa Kihehe. Sijawahi kuwa karibu na mgongo wake namna ile tangu niko mdogo. Halafu njia ikaingia kwenye mteremko mkali kuliko alivyokumbuka, kati ya nyumba za watu, ardhi ngumu kama saruji, na tawi halikung'ang'ania kitu tena. Likawa linaruka tu na kutimua vumbi. Baiskeli ikachukua kasi.

"Jamani!" mama akapiga kelele. "Jamani njia! Jamaniii!"

Mimi nilikuwa nalia kwa sauti. Nalia kweli, "Mamaaa!" mdomo wazi. Aibu niliisahau.

Kwenye uwanja wa nyumba ya pili palikuwa na mama mmoja anachambua viazi. Aliinua uso. Alichokiona ni mwanamke aliyevaa nyeusi anakuja mbio huku akipiga yowe, binti analia nyuma yake, na tawi la majani mabichi kwenye baiskeli. Huku kwetu tawi la majani kwenye chombo cha usafiri linasomwa namna moja: kuna msiba. Yule mama alisimama, viazi vikamwagika, akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Mume wangu! Yoo! Mmekuja kuniambia! Mume wangu mimi!"

Akaanguka chini.

Mama akakata usukani, tukaingia kwenye matete, baiskeli juu yetu. Nilipotoa kichwa watu walikuwa wanakuja kutoka mashambani na majembe mabegani. Wanawake wengine walimshika yule mama, wengine wakatunyanyua sisi, wakatukumbatia, wakalia nasi. "Poleni. Poleni, mmetoka mbali." Mtu alikuwa ameshatoa mabenchi nje. Wanaume wawili wakaja na gogo, wakaliweka katikati ya uwanja kwa ajili ya moto wa msibani. Yote hayo kabla sisi hatujasema neno. Mzee mmoja akamwinamia mama, akamwuliza kwa upole sana:

"Mama, amefariki saa ngapi?"

"Nani?"

"Mzee mwenye nyumba hii. Yuko hospitali mjini tangu wiki iliyopita."

"Simjui, baba."

"Humjui, na umemletea msiba?"

"Sijaleta msiba. Tunatembea tu."

Watu wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja.

"Mnatembea," akasema mzee. "Na huo mti?"

"Ni breki."

Mzee akawageukia wenzake. "Anasema ni breki."

Kijana fulani akacheka, dada mmoja akamfinya. Mwanamke mwingine, aliyekuwa bado amenishika bega na machozi mashavuni, akatoa mkono wake begani mwangu, akaufuta kwenye sketi.

Simu ya yule mama ilikuwa haina chaji tangu jana, ndiyo maana alikuwa anasubiri habari na kuangalia njia. Mtu mwenye chaji akampigia mtoto wa yule mama, anayemuuguza baba yake hospitali. Akaweka sauti kubwa. Tukasikia kelele za wodi, halafu mtoto, halafu sauti ya mzee mwenyewe, nyembamba, yenye hasira:

"Nani analia huko? Ng'ombe kafa?"

Uwanja mzima ukacheka, kicheko cha kuanguka magotini. Yule mama hakucheka. Alichukua simu kwa mikono miwili.

"Mume wangu, ni wewe?"

"Ni mimi. Ulitaka awe nani?"

Akarudisha simu. Akamwangalia mama yangu muda mrefu, vumbi limeshikana na machozi usoni.

"Nimemlilia mtu akiwa hai," akasema. "Haya machozi nitayarudisha wapi?"

Mama alipiga magoti. "Nisamehe, dada yangu. Najua."

"Unajua nini wewe? Mtu wa kutembea na breki za majani. Unajua nini?"

Mama akainamia gauni lake jeusi, akaanza kulipangusa vumbi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu na jibu lilikuwa kwangu lote, nikainama kama darasani. Wanaume wakaondoa lile gogo. Mmoja akatufungulia tawi, akalitupa upande wa pili wa ua, mbali, akatuambia tuende.

Tulikokota mpaka chini. Karibu na barabara kuu ndipo mama aliposema, bila kuniangalia:

"Ile pikipiki siku ile. Niliona majani kabla sijamwona dereva."

Nilijua siku ipi. Alikuwa anaanika nguo. Baba alikuwa kazini Mbalizi, asubuhi aliondoka mzima, na saa sita ikaja pikipiki na tawi limefungwa kwenye taa. Dereva hakuhitaji kusema. Mama alikuwa ameshika shati la baba lenye maji, na alilishika mpaka shangazi alipokuja kumnyang'anya jioni.

"Leo ile pikipiki nimekuwa mimi," akasema.

Nyumbani aliiingiza baiskeli nyuma ya bafu, akaifunika kwa yale magunia. Akaenda kulala. Na viatu. Uso ukutani. Nilimpelekea ugali, nikautoa ukiwa vilevile, na usiku ule sikulala kwa kusikiliza.

Asubuhi ya Jumapili nilimwita kwenda kanisani. Akaitika, hakusogea. Nilikaa jikoni nikaangalia masufuria. Halafu nikachukua sukari, nikagawa nusu kwenye mfuko, nikavaa sweta la shule na kutoka.

Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema shikamoo. Hodi yangu ya kwanza hata kuku hawakuisikia. Ya tatu yule mama akatoka, amevaa vizuri, kikapu mkononi, anaenda hospitali. Akanitambua.

"Wewe."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Analala."

"Amelala mpaka saa hizi? Mwenzake sijafumba jicho."

"Halali usingizi," nikasema. "Analala tu." Na baada ya hapo yalitoka yenyewe, vibaya, bila mpango: baba, Mbalizi, shati, pikipiki, majani kwenye taa. Nikamwambia kwamba mama aliposema anajua hakuwa anamjibu tu, anajua kweli. Nikamwambia baiskeli ilikuwa imeanza kumwamsha. Nilikuwa naongea nikiangalia kikapu chake, kwa sababu usoni nisingeweza. Nadhani sijawahi kuongea muda mrefu namna ile na mtu yeyote.

Alitua kikapu chini. Akapokea sukari, akaiweka ndani, akarudi na viazi viwili vya kuchemsha, vya moto, akaniwekea mkononi.

"Kula."

Nikala nikiwa nimesimama.

"Mzee amekunywa uji leo," akasema. "Wamenipigia. Mwambie mama yako simtakii mabaya. Mwambie pole ya mume." Akafunga mlango wake kwa kufuli, akajaribu kama limeshika. "Lakini huku asipite tena. Nikimwona kwenye njia hii moyo wangu hautasubiri kuambiwa ni breki."

Tulishuka pamoja mpaka barabarani.

Mama alikuwa palepale. Nilisimama mlangoni. Nilifikiri kumwambia nusu tu, ile nzuri, lakini mimi na yeye tumebaki wawili, nikiwa na uongo ndani ya nyumba hii utakaa wapi. Nikamwambia yote: uji, pole ya mume, kwamba hamtakii mabaya, na kwamba asipite tena.

 Kengele za ibada ya pili zilikuwa zimeanza.

"Amesema huko tu?" akauliza, bado amenigeuzia mgongo.

"Huko tu."

"Hakusema kwingine."

"Hapana, mama. Njia ile."

Nikasubiri.  Nikaenda jikoni, nikawasha mkaa, nikabandika sufuria kubwa ya maji. Yalipochemka niliyachanganya kwenye ndoo, nikaipeleka bafuni, nikarudi nikapiga magoti pembeni ya kitanda. Nilimvua kiatu kimoja. Hakuuvuta mguu. Nikamvua na cha pili, nikaviweka nje ya mlango, nikamwambia maji yanapoa.